Pansiyoni ya mlimani Kaçkar, Uturuki: mpango wa msafiri wa Mtwara na Lindi mwenye hela ya kuhesabu

Kinachomaliza hela ya mgeni kwenye milima ya Kaçkar, kaskazini-mashariki mwa Uturuki, mara nyingi si chumba. Ni teksi aliyoikodi kwa sababu gari la mwisho la abiria limeshaondoka, ni chakula cha jioni alichokila kwenye mgahawa pekee uliokuwa wazi, ni koti alilolinunua kwa bei ya mtalii baada ya kutetemeka usiku kucha. Yote matatu huamuliwa ukiwa bado Mtwara, Masasi au Nachingwea. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kabla ya safari.

Kwanza, yayla ni nini

Kaçkar (tamka Kachkar) ni safu inayopanda ghafla kutoka Bahari Nyeusi. Kilele chake kikuu kina mita 3,937, na eneo lake limekuwa hifadhi ya taifa tangu 1994. Yayla ni malisho ya juu ambako familia za wafugaji huhamia na ng'ombe wakati wa joto. Nyumba ni za mbao na mawe, na baadhi zimegeuzwa pansiyoni: vyumba vichache, vitanda vya mbao, mablanketi mazito, choo na bafu mara nyingi vya kushirikiana, na mama mwenye nyumba anayepika mwenyewe. Usitarajie lifti wala kiyoyozi.

Kwa mwenye bajeti ndogo kuna ngazi tatu. Chini bondeni upo mji mdogo wa Çamlıhemşin, wenye maduka na usafiri. Juu yake, kwenye mita 1,350 hivi, ipo Ayder, maarufu kwa chemchemi ya maji moto. Zaidi ya mita 2,000 kuna yayla zenyewe, kama Pokut na Yukarı Kavrun. Ayder imejengwa sana na mwishoni mwa wiki hujaa magari. Ifanye kituo cha kupumzika na kuulizia usafiri, usimalizie siku zako zote hapo. Utulivu uko juu, na juu ndiko chumba huuzwa pamoja na chakula, jambo litakalokuokoa.

Mwezi wa kwenda

Pansiyoni nyingi za juu hufunguliwa Juni theluji ikishayeyuka na kufungwa kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba. Usidhani miezi hiyo ni ya kukauka. Mkoa wa Rize, ilipo Ayder, ndio wenye mvua nyingi kuliko yote Uturuki, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya Julai ni jambo la kawaida. Sisi tumezoea masika ikikata imekata. Kule upepo wa bahari hugonga mlima, unyevu hupanda, na kufika mchana bonde limejaa ukungu. Asubuhi kunakuwa kweupe, saa 8 mchana huoni mita 50 mbele yako. Matembezi yaanze mapema.

Julai na Agosti ndiyo miezi ya bei za juu: shule za Uturuki zimefungwa, watalii wa nchi za Ghuba wamejaa, na sherehe za yayla kama Vartevor hujaza hadi vyumba vya wageni wa familia. Sikukuu ya kuchinja ni mbaya zaidi kwa mwenye hela ndogo, kwa hiyo itazame kwenye kalenda kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mkulima wa korosho jibu linajitokeza lenyewe. Kuanzia Mei au Juni hadi Agosti uko shambani unapuliza salfa. Oktoba mavuno na minada vimeanza. Dirisha lako ni wiki mbili za kwanza za Septemba, na kwa bahati nzuri ndipo wanafunzi wa Uturuki hurudi shule, vyumba vikabaki wazi na mwenye nyumba akakubali kuongea bei.

Karatasi, tena mapema

Pasipoti ya kielektroniki ya kawaida ni Sh 150,000. Fomu hujazwa mtandaoni, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na nyaraka zako. Hakikisha itabaki hai miezi sita baada ya kuingia Uturuki.

Mwenye pasipoti ya kawaida ya Tanzania anahitaji viza. Anzia tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki, evisa.gov.tr, uchague uraia wako, nayo itakuonyesha masharti ya siku hiyo. Kwa nchi nyingi za Afrika njia ya mtandaoni huwafungukia wale tu wenye viza hai au kibali cha ukaazi cha nchi za Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja), Uingereza, Marekani au Ireland. Wengine huomba kwa utaratibu wa ubalozi wa Uturuki, Dar es Salaam. Jihadhari na tovuti zinazofanana na ile rasmi. Hutoza ada juu ya ada na wakati mwingine hakuna viza inayotoka.

Hapa ndipo hela ya korosho huleta utata. Ubalozi hutaka kuona taarifa ya benki ya miezi ya nyuma. Malipo ya mnada yakiingia Desemba kupitia chama cha msingi, ukayatoa yote ukayaweka ndani, kisha Juni ukarudisha mkupuo mmoja benki, taarifa itaonyesha akaunti tupu iliyojaa ghafla. Hiyo ni sababu ya kawaida ya maombi kutiliwa shaka. Iache hela ya safari kwenye akaunti tangu msimu wa mauzo, na ambatanisha stakabadhi za mauzo ya ghalani ili chanzo chake kijulikane. Bima ya safari nayo ni sharti. Inunue ikiwa na tarehe zote za safari, na siku mbili za ziada.

Njia ya kufika

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560. Panga kufika Dar siku moja kamili kabla ya ndege, hata kama basi la alfajiri lingekufikisha jioni ya siku hiyohiyo. Barabara ya kusini ilikatika Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, na tiketi ya ndege ya bei nafuu hairudishwi kwa sababu ya daraja.

Turkish Airlines huruka moja kwa moja kutoka Dar hadi Istanbul, saa saba hivi angani. Kutoka Istanbul kuna ndege za ndani za karibu saa mbili hadi Trabzon (TZX) au uwanja wa Rize–Artvin (RZV), uliojengwa juu ya bahari na kufunguliwa Mei 2022. RZV uko karibu na mji wa Pazar, kwa hiyo ndio ulio karibu zaidi na Ayder. Basi kutoka Istanbul ni zaidi ya kilomita 1,100: usiku mzima na sehemu ya siku.

Kosa linalowagharimu wengi ni hili. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa. Ndege yako ya kutoka Dar inatua Istanbul Airport (IST), upande wa Ulaya. Tiketi ya ndani ya bei ya kutupa huenda inaondokea Sabiha Gökçen (SAW), upande wa Asia, ng'ambo ya jiji na foleni zake. Ukinunua tiketi mbili tofauti bila kusoma herufi hizo tatu, utalipia gari refu au utaachwa. Kwanza tafuta tiketi moja inayoanzia DAR hadi RZV au TZX. Tofauti ya bei mara nyingi ni ndogo kuliko hasara hiyo, na ndege ya kwanza ikichelewa, kuunganishwa na inayofuata ni kazi ya shirika.

Kutoka pwani unapanda dolmuş, daladala yao. Jina lenyewe maana yake ni "iliyojaa", na kama hiace ya Mikindani, haziondoki sana kwa saa zilizoandikwa. Kutoka Pazar au Ardeşen zinapanda hadi Çamlıhemşin na Ayder. Kutoka Ayder kwenda Kavrun barabara ni mbovu, zaidi ya kilomita 10, na magari ni machache: asubuhi kupanda, alasiri kushuka. Hapa ndipo teksi inaponyemelea mfuko wako. Ukitua RZV alasiri, usilazimishe kufika juu siku hiyo. Lala Pazar au Ardeşen, ambako vyumba ni vya wenyeji na bei yake ni ya wenyeji, upande asubuhi.

Na usiku wa mwisho kabla ya ndege ya kurudi usilale mlimani. Mvua kubwa Rize huporomosha udongo. Julai 2021 mafuriko na maporomoko yaliua watu mkoani humo. Njia ya bonde ni moja, na ikifungwa imefungwa.

Kuhesabu hela

Usiandike bajeti kwa lira. Mfumuko rasmi wa bei Uturuki ulifika asilimia 85 Oktoba 2022, na ingawa umeshuka, bei ya chumba ya msimu uliopita haikusaidii kitu. Uliza bei ya mwaka huu, igeuze kuwa dola siku hiyohiyo, kisha dola iwe shilingi, na uongeze asilimia 15 hadi 20. Bei yoyote utakayoisoma ikiwa na zaidi ya miezi mitatu, ichukue kama hadithi.

Kwa usiku saba, mgawanyo unaofanya kazi ni huu: mmoja pwani baada ya kutua, mbili Ayder katikati ya wiki, tatu yayla ya juu, mmoja Rize kabla ya ndege. Ukitaka kubana zaidi, punguza Ayder, usipunguze juu.

Maneno matatu ndiyo yanayoamua bei. "Oda kahvaltı" ni chumba na chai ya asubuhi. "Yarım pansiyon" ni chumba, kifungua kinywa na chakula cha jioni. "Tam pansiyon" ni milo yote. Kwenye yayla chukua yarım pansiyon bila kusita. Kila kitu kimepandishwa kwa gari kutoka bondeni, kwa hiyo kununua sahani moja moja ni ghali, na mara nyingi hakuna pengine pa kula. Kifungua kinywa chao ni kizito: mkate, jibini, zeituni, asali, mayai, nyanya, na chai ya Rize isiyokwisha. Ukila vizuri saa 3 asubuhi, mchana unatosha mkate uliobaki na konzi ya korosho. Beba kilo moja ya korosho zilizokaangwa na kufungwa vizuri. Nusu ya njiani, nusu ya kumpa mwenye nyumba.

Kisha kuna mtego wa lugha. Bei nyingi za pansiyoni ni za kichwa, si za chumba. Wawili mkisikia bei mkadhani ni ya chumba, mtalipa mara mbili ya mlichopanga. Uliza hivi: "Fiyat kişi başı mı, oda başı mı?" Jibu likija, mwombe aandike tarakimu kwenye simu.

Shilingi ya Tanzania huwezi kuibadilisha kule. Beba dola au yuro safi, zisizochanika, ubadilishe kwenye maduka ya fedha yenye neno "döviz" mjini Rize au Pazar. Uwanja wa ndege badilisha ya nauli tu. Juu mlimani kadi ni bahati nasibu, kwani mtandao hukatika pamoja na umeme. Panda na taslimu ya usiku wote uliopanga na mmoja zaidi.

Kupata chumba

Tangu 2017, kwa amri ya mahakama, ukiwa ndani ya Uturuki huwezi kuweka nafasi ya hoteli za humo kupitia Booking.com. Watu hufika Istanbul wakitegemea kutafuta chumba kwa simu, wakakuta ukurasa mtupu. Weka nafasi za usiku wa kwanza na wa pili ukiwa Tanzania. Ubalozi nao utaziomba. Za juu mara nyingi hazipo kwenye tovuti yoyote kubwa: tafuta jina la yayla na neno "pansiyon" kwenye ramani ya simu, chukua namba, tuma ujumbe wa WhatsApp kwa Kituruki ukisaidiwa na programu ya kutafsiri. Ujumbe uwe na mambo manne tu: tarehe, idadi ya watu, yarım pansiyon, na kama kuna soba.

Soba ni jiko la chuma la kuni la kupasha joto chumba. Waulize pia maji ya moto yanatoka wapi. Mapaa mengi yana mitambo ya jua, na siku tatu za ukungu maana yake ni siku tatu za maji baridi. Neno "şofben" likitajwa, kuna hita ya gesi au umeme, na hapo umepona.

Ukifika, omba kuona chumba kabla ya kulipa: "Odayı görebilir miyim?" Bonyeza godoro, nusa mablanketi kama yana ukungu, fungua dirisha na ulifunge, fungua bomba la moto dakika mbili. Kama soba imo chumbani, tazama bomba lake la moshi limefika nje bila mwanya, na usilale dirisha likiwa limezibwa kabisa. Moshi usioonekana wa kuni na makaa huua watu waliolala, kama jiko la mkaa linavyoua hapa kwetu.

Mwenye nyumba atachukua pasipoti yako kuandika taarifa zako kwa polisi au jandarma, askari wa usalama wa vijijini. Ni sheria. Mpe, kisha ikumbuke asubuhi.

Baridi, na mitumba

Anayeona Newala ina baridi mwezi wa saba ajiandae upya. Joto hushuka kwa takriban nyuzi sita kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo pwani ya Rize ikiwa na nyuzi 26, Kavrun ina kama 12 au 13 mchana uleule, usiku ni chini zaidi, na unyevu huifanya iume.

Habari njema ni kwamba mavazi ya baridi ni rahisi kuliko yote kwenye marobota ya mitumba ya pwani, maana nani avae sweta nzito Lindi? Tafuta koti la mvua, sweta mbili za flisi, fulana mbili za michezo zisizo za pamba, suruali mbili nyepesi, soksi nzito jozi tatu, kofia ya kufunika masikio. Koti lijaribu palepale: mwagia kikombe cha maji begani, subiri dakika mbili, gusa kwa ndani. Jinzi ziache nyumbani. Zikilowa kwenye ukungu wa Kaçkar hazikauki siku tatu.

Buti za mitumba zina ugonjwa wake. Soli za zamani huoza kwa ndani bila kuonyesha, kisha huachia zote mbili siku ya kwanza ya kutembea kwenye maji. Zikunje kwa nguvu, bonyeza soli kwa kucha. Ikimeguka kama mkate mkavu, iache. Zivae wiki mbili nyumbani, hata ukionekana kichekesho sokoni.

Mzigo wote usipite kilo 12, maana utaubeba kutoka dolmuş hadi mlangoni, mara nyingi kwa ngazi za mawe. Soketi zao ni za matundu mawili ya duara, kwa hiyo plagi zetu za pini tatu bapa haziingii. Nunua adapta Dar; umeme wenyewe ni volti zilezile, 220 hadi 230.

Ukiwa huko

Saa haibadiliki. Tangu 2016 Uturuki iko kwenye saa yetu mwaka mzima, ila wao huhesabu kuanzia usiku wa manane: dolmuş ya 08.30 ni saa 2 na nusu yako, na hili limewaacha watu kituoni. Rize na Mtwara zimekaribiana pia kwenye longitudo 40, moja kaskazini ya nyingine, na Makka iko katikati. Kwa hiyo aliyezoea kuswali akielekea kaskazini, kule ataelekea kusini. Mwanzoni mwa Septemba jua huzama kama saa 1 kasorobo jioni, lakini mlimani kivuli hukufikia mapema zaidi.

Chakula hakina shaka kwa Mwislamu. Utakachokutana nacho ni muhlama, unga wa mahindi uliopikwa kwa siagi na jibini hadi unavutika. Macho yatakuambia ugali. Tumbo litakuambia vingine. Sahani moja wanatosha wawili.

Lugha ina milango iliyo wazi kwa Mswahili: sabun, dakika, saat, haber, çay, na hesap, ambayo ndiyo hesabu unayoomba baada ya kula. Mgeni anaitwa misafir. Lakini "merhaba" ni salamu ya mtu yeyote kwa yeyote, si jibu la shikamoo; usishangae mtoto akikupa marahaba. Mwanamke aliyekuzidi umri kidogo mwite abla, mtu mzima mwite teyze. Wanaume ni abi na amca. Ukiita hivyo, chai ya pili haikosekani, na ndipo unapouliza swali la muhimu kuliko yote ya siku: "Son dolmuş saat kaçta?" Gari la mwisho ni saa ngapi. Liulize kila asubuhi, hata kama uliuliza jana, kwa sababu ratiba hubadilika kwa mvua, kwa Ijumaa na kwa idadi ya abiria.

Pakua ramani ya eneo kwenye simu ukiwa pwani. Namba ya dharura ni 112 nchi nzima, ila mabonde mengi hayana mtandao, kwa hiyo mwambie mwenye nyumba unaelekea wapi na utarudi saa ngapi. Ukungu ukishuka ukiwa njiani, kaa palepale kwenye njia inayoonekana au rudi ulikotoka. Usikate njia ya mkato kufuata sauti ya kengele za ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hupita kwenye miteremko ambayo buti zako za mitumba haziiwezi.